Kongamano la Walimu wa Muziki Watarajiwa: Kumbukumbu za Safari

Jumatano, usiku

Sehemu ya mizigo ilijaa kabla abiria hawajamaliza kupanda. Magitaa, ngoma, kibodi iliyoviringishwa kwenye blanketi, boksi la filimbi za plastiki, na stendi za noti ambazo dereva aliamua zilazwe sakafuni katikati ya viti. Wengine tumekaa magoti yakiwa kifuani. Hakuna aliyelalamika, maana kila mtu anajua anachokifuata.

Tunakwenda kwenye kongamano la wanafunzi wanaosomea ualimu wa muziki, na walioliandaa ni wanafunzi wenyewe. Kuanzia mwenyekiti hadi anayegawa vitambulisho mlangoni, hakuna mhadhiri hata mmoja kwenye kamati. Wahadhiri wamealikwa kama wageni. Ratiba inawaomba wakae nyuma, wasikilize, watoe maoni siku ya mwisho. Juu kabisa ya ratiba hiyo wameandika sharti moja: katika kipindi chochote, washiriki wasikae zaidi ya dakika kumi bila kuimba, kupiga au kutembea. Nilipolisoma sharti hilo niliamini kwamba walioliandika wameshawahi kuchoshwa na mihadhara kuhusu muziki isiyo na muziki ndani yake.

Jirani yangu kwenye kiti ni dada wa sauti ya pili kwenye kwaya ya chuo, yuko mwaka wa mwisho. Muhula ujao anakwenda kufundisha kwa vitendo. Piano anaipiga vizuri kuliko wengi wetu, lakini amekuwa akiniuliza swali lilelile tangu tulipopanda: "Sasa ndugu yangu, watoto arobaini wakinitazama, naanzia wapi?"

Nikamsimulia habari za John Curwen. Mwaka 1841 walimu wa shule za Jumapili walikutana Hull, Uingereza, wakamkabidhi kijana huyo mchungaji kazi ya kutafuta njia nyepesi kuliko zote ya kufundisha watu kuimba. Curwen hakuwa mwanamuziki wa kusomea. Alichukua mfumo uliobuniwa na mwalimu Sarah Glover wa Norwich, akaurekebisha, akaueneza, na ndio huu tunaouita solfa, wa kuimba noti kwa majina ya *do*, *re*, *mi*, uliosambazwa na wamishonari hadi ukawa lugha ya kwaya nyingi za Afrika. Yote hayo yalianzia kwenye mkutano wa walimu waliokuwa na swali kama lake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi tukifika, swali langu nitaliuliza mbele ya wote." Kisha akalala.

Alhamisi

Tumefika asubuhi. Usajili ulikwenda haraka, kisha tukaingia ukumbini. Hotuba za ufunguzi zilikuwa fupi kuliko nilivyozoea, na jambo lililofuata nataka kulieleza kwa kirefu.

Mwenyekiti wa kamati, msichana mwembamba wa mwaka wa tatu, alipanda jukwaani bila kipaza sauti. Hakusema neno. Alikunja ngumi akaiweka usawa wa kiuno, akatutazama. Watu wachache waliimba *do*. Akangoja. Ukumbi mzima ukaimba *do*. Akanyanyua mkono kidogo, kiganja kimelala bapa kikitazama chini: *mi*. Akaupandisha hadi kifuani, kiganja kikielekea kwake: *so*. Juu zaidi kidogo, kiganja kinaning'inia kutoka kwenye kifundo: *la*. Watu tuliokuwa hatujaonana hata mara moja tukawa tunaimba melodi ambayo yeye aliitunga palepale kwa mkono mmoja.

Halafu akaunyanyua mkono wa pili. Upande wa kushoto ukafuata mkono mmoja, wa kulia mwingine. Mkono wa kushoto ulibaki kwenye *do*, wa kulia ukapanda *mi*, *so*, *la*, ukarudi. Tulipofika *do* na *so* pamoja, akaushikilia mpatano huo kwa muda mrefu, mpaka zile sauti zilizokuwa zikiyumba zikatulia zenyewe. Kisha akafunga mikono yote miwili, na kongamano likawa limefunguliwa.

Alama hizo za mkono ni za Curwen pia. Mtunzi wa muziki Zoltán Kodály na wafuasi wake huko Hungaria ndio waliozichukua na kuzipa nafasi kubwa darasani, na shule ya kwanza ya msingi yenye muziki kila siku ilifunguliwa mwaka 1950 Kecskemét, mji aliozaliwa Kodály. Nilikuwa nimezisoma alama hizi kwenye vitabu vya chuo, nikazikariri kwa ajili ya mtihani. Leo nimeona kazi halisi ya alama hizo: mwalimu anapotumia mkono, mdomo wake hauna kazi, kwa hiyo masikio yake yako huru. Naamini siku zote zilizobaki zitazunguka hapohapo.

Mchana niliingia warsha ya mwendo. Mwezeshaji, mwanafunzi mwenzetu, alituvua viatu akatutembeza ukumbini. Kibodi ikipiga polepole, tunatembea polepole; ikiharakisha, tunaharakisha; ikinyamaza, tunasimama huku mapigo yakiendelea ndani ya mwili. Kisha miguu ikatembea mapigo matatu na mikono ikapiga mawili katika muda uleule. Mpiga fidla mmoja hodari alisimama katikati ya ukumbi akifumba macho, midomo ikihesabu, hadi ghafla mwili ukakubali, akaanza kutembea akicheka.

Njia hii imetokana na kazi ya Émile Jaques-Dalcroze, aliyefundisha harmonia, yaani upatanifu wa sauti, Geneva tangu mwaka 1892. Aliona wanafunzi wake wanaweza kuandika akodi, noti zinazolia pamoja, kwa kufuata kanuni bila kuzisikia kichwani, na vidole vyao vinapiga noti bila mwili kuhisi mapigo. Akawasimamisha kutoka kwenye madawati. Wakati wa maswali dada wa sauti ya pili alisimama, kama alivyoahidi, akauliza swali lake la watoto arobaini. Mwezeshaji akamjibu, "Mwalimu, kesho asubuhi chumba namba nne. Njoo na andalio la somo la dakika kumi, tutalijibu pamoja."

Kila mtu hapa anaitwa mwalimu. Mwanzoni nilitazama nyuma kuona anayeitwa ni nani.

Ijumaa

Leo ndiyo siku niliyoifunga safari kwa ajili yake, ingawa jana nilikuwa bado sijui.

Chumba namba nne kina viti vilivyopangwa duara. Utaratibu wake ni huu. Mmoja anafundisha kwa dakika kumi. Wengine ni darasa, na wanaombwa wasiigize utoto: wawe wanafunzi wa kweli, wafanye wanachoelewa na waache wasichoelewa. Watatu wanakaa ukutani na karatasi. Wa kwanza anaandika kila anachosema mwalimu. Wa pili anaandika kila anachofanya darasa. Wa tatu ana saa, anapima muda ambao mwalimu anazungumza na muda ambao darasa linaimba au kupiga. Dakika kumi zikiisha, watatu hao wanasoma walichoandika. Hawasifu, hawalaumu. Halafu mwalimu anafundisha somo lilelile tena, palepale.

Nimekaa vyuoni muda wa kutosha kujua jinsi tulivyozoea kupewa maoni: "ulijiamini," "jitahidi kwenye matumizi ya zana," alama fulani kati ya mia. Maneno hayo hayamwambii mtu afanye nini Jumatatu asubuhi. Karatasi za chumba namba nne zinamwambia.

Kaka mmoja wa sauti ya nne alifundisha wimbo mfupi aliotunga mwenyewe kwa noti tatu tu, *so*, *mi* na *la*. Ni noti ambazo watoto wengi wanazipata mapema, hasa ule mshuko wa kutoka *so* kwenda *mi*. Msikilize mtoto anayemwita mwenzake kutoka mbali utausikia. Aliimba vizuri sana. Darasa likaimba naye, yeye akapaza zaidi, darasa likapaza, dakika zikaisha kwa shangwe. Mimi nilidhani somo limefaulu.

Mwangalizi wa pili akasoma: "Kila mara darasa lilipoimba, mwalimu aliimba. Watu wawili upande wa dirisha waliimba chini ya noti kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mwalimu hakuwatazama."

Kimya. Kaka alikuna kidevu, akasema kwa utulivu, "Nisingeweza kuwasikia. Nilikuwa najisikia mimi."

Mjadala uliofuata ulikuwa bora kuliko mhadhara wowote niliousikia chuoni. Kwanza, mwalimu anayeimba pamoja na darasa halisikii darasa. Anaimba mstari, ananyamaza, darasa linaimba, yeye anasikiliza. Akitaka kusaidia, atumie mkono. Pili, ikagunduliwa kwamba alitoa sauti ya kuanzia kwa besi yake ya kawaida, na sauti ya mtoto iko oktavu moja, yaani ngazi nzima ya *do* hadi *do*, juu ya hapo. Mtoto mdogo huimba kwa raha kwenye noti zilizo juu kidogo ya *do* ya katikati ya kinanda hadi karibu na *la* inayoifuata. Akipewa noti kwa sauti nzito ya mwanaume, mmoja ataipandisha mwenyewe, mwingine atahangaika kuifuata kule chini, na huyo wa pili ndiye baadaye anaambiwa hana sikio. Tatizo ni noti aliyopewa. Kwa hiyo mwalimu mwanaume atumie sauti yake nyepesi ya juu, au apige filimbi, au amwombe mtoto aliyeshika noti vizuri awape wenzake.

Kaka akafundisha tena. Aliimba mstari kwa sauti nyepesi ya juu, akafunga mdomo, akanyanyua mkono. Darasa likaimba. Nilimwona anageuza kichwa polepole kuelekea dirishani, akamkuta mmoja wa wale wawili, akamwomba aimbe na jirani yake wakiwa wawili tu, *so* na *mi*. Akaimba tena. Noti ikakaa. Mwenye saa akasoma: mara ya kwanza darasa liliimba chini ya nusu ya muda, mara ya pili zaidi ya nusu. Tukapiga makofi, jambo lililokuwa limekatazwa.

Dada wa sauti ya pili akafuata. Hakupeleka piano. Aliingia akipiga mapigo kwenye paja, bila salamu, bila maelezo, na kabla hajamaliza kufika katikati ya duara sote tulikuwa tunapiga naye. Akabadilisha: paja, kofi, paja, kofi. Tukabadilisha. Akanyamaza, akatuacha tuendelee, akazunguka akisikiliza kila mmoja kwa zamu. Mwangalizi wa kwanza alipoulizwa asome kila alichosema mwalimu, karatasi yake ilikuwa na maneno machache mno. Hapo ndipo swali la ndani ya basi lilipojibiwa, na aliyelijibu ni yeye mwenyewe: anaanza na kitu ambacho watoto wanaweza kukifanya kabla hajakieleza.

Nami nilifundisha, somo la mwitikio, kiongozi na kundi. Niliyosomewa nimeyanakili nyuma ya daftari hili: sentensi ndefu hazikufuatwa na mtu, ishara ya mkono ilifuatwa papo hapo. Mara ya pili nilitumia mikono peke yake.

Mchana kulikuwa na mjadala wa programu za simu za kufundishia. Ulikuwa mpana mno, sikupata cha kubeba.

Jumamosi

Asubuhi ilikuwa ya afya. Mwanafunzi anayesomea tiba ya usemi alialikwa, akatuambia wazi kwamba walimu, na wa muziki hasa, wako kwenye hatari kubwa ya kuharibu sauti, kwa sababu wanazungumza juu ya kelele siku nzima halafu wanaimba. Alitufundisha kuita darasa kwa mdundo badala ya kupaza sauti, kunywa maji kidogokidogo, na kutosafisha koo kwa nguvu. Kisha akaja kwenye masikio. Kiwango kinachotumika sana cha usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kwa kipimo hichohicho kila desibeli 3 zinazoongezeka zinapunguza muda huo kwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Bendi ya matarumbeta na ngoma ndani ya chumba kidogo inavuka hapo bila taabu. Hesabu hiyo nimeiandika kwa herufi kubwa. Mtu anayekula kwa masikio yake hawezi kuyaacha yaishe akiwa na miaka arobaini.

Baada ya hapo tuliingia chumba cha marimba, na furaha ya huko sitaisahau upesi. Mwezeshaji alituambia tuondoe vibao viwili kwenye kila marimba, *fa* na *ti*. Ukiviondoa zinabaki noti tano ambazo hazina nusu-toni, ile hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili, kati yake, kwa hiyo hata watu ishirini wakipiga kila mmoja lake, hakuna mgongano mkali. Mmoja akashika kijidundo kinachojirudia kwenye besi, mwingine akaongeza cha pili, na waliobaki wakabuni juu yake kwa zamu. Mtu ambaye hajawahi kugusa marimba alikuwa anatunga muziki ndani ya dakika tano, na muziki wenyewe ulisikilizika.

Huo ni urithi wa Wajerumani wawili, Carl Orff na Gunild Keetman. Shule ya muziki na mwendo ambako kazi hiyo ilianzia ilifunguliwa Munich mwaka 1924, na Orff mwenyewe alisimulia kwamba marimba ndogo kutoka Afrika ilikuwa miongoni mwa ala zilizompa njia. Keetman alifika pale mwaka 1926 kama mwanafunzi. Akabaki kufundisha, na vile vitabu vitano vya muziki wa watoto vilivyotoka kati ya 1950 na 1954 vina jina lake pamoja na la Orff. Huwa anatajwa wa pili, au hatajwi kabisa, na kwa maoni yangu hiyo si haki.

Jioni kukawaka moto. Mada: mtoto aanze na solfa, na noti za mistari mitano, au aachwe ajifunze kwa sikio? Kila upande ulikuwa na watu wake, na sauti zilipanda. Waliosimamia sikio walimtaja Shinichi Suzuki, Mjapani aliyeona kwamba mtoto hujifunza lugha yake kwa kuisikia miaka mingi kabla ya kusoma, akaamua fidla ifundishwe hivyohivyo. Mmoja wao akasimulia jinsi njia hiyo ilivyofika Marekani. Mwanafunzi Mjapani aliyekuwa akisoma huko, chuo cha Oberlin, alikuwa na filamu ya onyesho la watoto wa Suzuki lililofanyika Tokyo mwaka 1955, mamia ya watoto wakipiga pamoja. Mwaka 1958 walimu wa ala za nyuzi walioonyeshwa filamu hiyo hawakuamini macho yao, na mwaka 1964 Suzuki na kundi la watoto wakapiga mbele ya mkutano wa walimu wa muziki huko Philadelphia. Ukumbi ulishangilia uliposikia neno "mwanafunzi".

Upande wa pili haukunyamaza. Dada mmoja, mwenye sauti ndogo inayosikika vizuri, akasema, "Walimu wenzangu, sikio ni mwanzo mzuri. Ila nikimwacha mwanafunzi wangu amalize shule bila kusoma noti, nimemfanya anitegemee maisha yake yote." Mimi niko naye. Sauti itangulie, mwili ufuate, alama ije baadaye, lakini ije. Mtoto asiyesoma atasubiri daima mtu wa kumwimbia kwanza. Tuligawanyika hadi usiku, tukaendelea kubishana kwenye ngazi, na asubuhi watu bado walikuwa wanapingana.

Jumapili

Siku ya kufunga ilikuwa ya kazi ambayo kwa kawaida haionekani. Mweka hazina alisoma mapato na matumizi, kipengele kwa kipengele, akajibu maswali. Kuna aliyetaka kujua kwa nini vyumba vya ngoma viliwekwa jirani na chumba cha kwaya. Kamati ikalichukua kwa ajili ya mwaka ujao. Kisha uchaguzi. Katiba yao inasema mwenyekiti lazima awe na angalau mwaka mmoja wa masomo uliobaki, ili anayeondoka awepo kumwelekeza anayeingia, na ile faili nene ya barua, ratiba na makosa ya mwaka huu ikakabidhiwa mbele yetu sote.

Wahadhiri wakapewa nafasi yao. Wengi walipongeza. Mmoja, mzee aliyekuwa akiingia chumba namba nne kila kipindi na kukaa kimya, alisimama akaomba kitu kimoja tu: nakala ya karatasi za waangalizi, akazitumie anapokwenda kukagua wanafunzi wake kwenye mafunzo kwa vitendo. Mwenyekiti alishuka jukwaani akampelekea mkononi. "Shikamoo mwalimu," alimwambia, "na asante." Mzee akaitikia, akakunja karatasi mara moja, akaziingiza kwenye mfuko wa koti.

Basi la kurudi limejaa uleule mzigo. Safari hii hatukulala. Dada wa sauti ya pili amechora jedwali la waangalizi watatu nyuma ya ratiba, na tumeshagawana kazi. Jumatano jioni, chumba cha mazoezi cha chuo, saa kumi na moja. Atakayefundisha kwanza ni yeye, wimbo mmoja, dakika kumi. Mimi nashika saa. Kaka wa sauti ya nne anakaa upande wa dirisha na karatasi ya pili.